Gari la Mbio la Fundi Cherehani

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeamua. Naunda gari la mashindano.

Sijamwambia mtu. Hata mke wangu Yunis sijamwambia, ingawa yuko hapa hapa mezani anachagua mchele na mara mbili ameniuliza nacheka nini. Nimemjibu nimekumbuka jambo la dukani. Dukani kwangu hakuna jambo la kuchekesha. Nashona sare za shule hapa Kilosa, huu mwaka wa kumi na tisa.

Chanzo ni kile nilichokiona mwaka juzi nje kidogo ya Mikumi. Magari ya mbio yalikuwa yakifanya mazoezi. Moja likafika kwenye tuta, likaruka. Magurudumu yote manne hewani! Nikahesabu: moja, mbili. Likatua, likaondoka, likaniachia vumbi mdomoni. Tangu siku hiyo nina swali. Dereva anasikia nini akiwa kule juu? Injini inanguruma, au inanyamaza? Nimewauliza madereva wa malori, mafundi pikipiki na padri. Padri alisema ataniombea.

Sasa Jumamosi ya tarehe 21 kuna ukaguzi Mikumi, kwa wanaotaka kuingia mashindano ya wanaoanza. Tangazo nimelikuta kwenye simu. Gari liwe zima. Ndani liwe na kizimba cha mabomba cha kukinga paa, mikanda ya kifuani, na mtu wa kumsomea dereva njia. Basi. Mtu yeyote anaweza.

Gari lipo uani kwangu. Tatizo dogo ni kwamba si langu.

Ijumaa, 13 Juni

Nieleze vizuri. Gari ni la marehemu baba mkwe, Mwalimu, aliyefundisha shule ya misheni Mamboya mpaka akastaafu. Gari dogo, jeupe, milango minne. Alipofariki mwaka jana, mama mkwe alilileta kwangu nilitunze na kuliwasha kila Jumamosi, mpaka ukoo ukae na kuamua nani alichukue. Kikao ni Jumapili tarehe 22, Mikumi, nyumbani kwa Rafaeli.

Rafaeli ni mwanyumba wangu. Mimi nimeoa Yunis, yeye kaoa Devota, mdogo wake. Ana nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na hawezi kumaliza salamu bila kuvitaja. Naye analitaka gari. Atalipaka rangi ya udongo, alibandike picha ya twiga mlangoni, abebee watalii. Nikilifikiria gari la Mwalimu likiwa na twiga, najichoma sindano kidoleni.

Mimi nalitaka kwa sababu nyingine. Mwalimu ndiye mtu pekee aliyewahi kujibu maswali yangu. Siku ya posa, wazee wengine waliniuliza habari za ukoo wetu kule Malolo. Yeye alifungua boneti, akaniuliza nadhani kwa nini ile feni inazunguka. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Nilimpenda sana yule mzee. Msibani nililia kuliko binti zake.

Mpango ni huu. Nalibadilisha gari, nalipeleka ukaguzi Jumamosi, nafaulu, jioni ile ile nakirudisha kila kitu mahali pake. Jumapili ukoo unaliona likiwa safi, wanasema Donati ni mtunzaji, wananipa. Nani atajua? Boliti zinafunguka na zinafungika.

Leo nimeng'oa kiti cha nyuma. Chini yake nimekuta vipande vya chaki na kitana. Nimekaa navyo mkononi kwa muda. Halafu nikaendelea na kazi. Kiti nimekiweka dukani, na wateja wamekipenda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempata mchomeleaji. Ni Paulo, jirani yangu pale dukani, anayetengeneza mageti na nondo za madirisha. Nimemchorea kizimba kwa chaki yangu ya cherehani: bomba hapa, bomba pale, na moja la kukatiza nyuma ya viti vya mbele. Nikamsisitizia afunge kwa boliti. Akasema nisiwe na shaka, kazi yake haijawahi kurudishwa na mtu. Nikaenda zangu Chanzuru kuwapima watoto sare.

Nimerudi saa kumi. Nikabaki mdomo wazi.

Amechomelea! Hakuna boliti hata moja. Anasema boliti hulegea, na yeye ana jina lake mjini. Tena nyuma ya viti vya mbele, badala ya bomba moja, kuna ukuta mzima wa nondo, toka sakafuni hadi paani, una maua matatu na juu una mikuki. Mlango wa nyuma umepinda kidogo wakati wa kazi, haukubali kufunga, kwa hiyo kautia komeo la geti kwa nje.

Nikamuuliza maua ya nini. Naye akaniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, nani anatengeneza nondo bila maua. Anasema mkono wake ukishika nondo unakwenda wenyewe. Hayo matatu ni zawadi, kwa sababu Mwalimu alimfundisha darasa la tano. Nikauliza kama yote haya yanaweza kung'oka. Akasema yanang'oka vizuri tu, pamoja na sakafu.

Siku nane zimebaki kabla ya kikao. Nimejifungia ndani ya gari peke yangu, ua moja likiwa karibu na sikio langu, na hofu imenishika. Mama mkwe akiliona hivi, gari ni la Rafaeli. Lakini niseme kweli, nilikitikisa kile kizimba kwa nguvu zangu zote, na hakikucheza hata kidogo. Nikaanza kujiuliza tembo akikikalia itakuwaje. Nimejiuliza mpaka Yunis akaja kuniita kula.

Jumatatu, 16 Juni

Mikanda! Hapa sasa ndipo penye kazi yangu.

Nina marobota ya utepe wa nailoni wa mabegi ya shule. Nimeukunja mara tatu, nikaushona mraba, ndani ya mraba msalaba, mshono ule ule wa mikono ya begi. Mikanda minne kwa kila kiti. Kisha nikafunga seti moja kwenye boriti ya duka, nikajifunga mwenyewe, nikaning'inia nione itakatika baada ya muda gani. Dakika ya kumi na moja mteja akaingia. Akatoka. Akarudi na watu. Nikawaeleza nikiwa juu kwamba napima mshono. Mama mmoja akauliza kama mke wangu ana habari.

Hakuwa nazo. Sasa anazo, wamemkimbilia sokoni. Nilipofika nyumbani nikamweleza yote. Yunis alikwenda uani, akalizunguka gari, akarudi. Akasema mama yake akiliona, Rafaeli atapewa gari, na sisi wawili tutaitwa waharibifu mpaka tunazikwa. Halafu akauliza ule mshono nimetumia uzi namba ngapi. Huyu ndiye mke niliyeoa, na ndiye atakayenisomea njia.

Ovaroli nayo tayari. Nimeishona kwa mabaki: kiwiliwili kaki ya kaptula, mikono samawati ya sketi, na mfuko una nembo ya shule moja ambayo sitaitaja. Nimeivaa kwenda kununua nyanya. Watu wawili wameniamkia shikamoo mwalimu, na mzee mmoja ameniuliza mitihani ya mjukuu wake.

Mchana Rafaeli amepiga simu. Ameuliza katika vyumba vyake kumi na viwili anipangie kipi Jumamosi, kisha akauliza kama gari linaoshwa. Nikamwambia siku hizi halitambuliki. Akafurahi.

Jumatano, 18 Juni

Jaribio la kwanza! Barabara ya mashambani Chanzuru, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi.

Mara ya kwanza tulikwenda polepole, Yunis akiandika daftarini kila tunachopita. Kona kushoto. Kisima. Kona kulia. Mbuzi. Nikamwambia mbuzi hawaandikwi. Akasema wapo, na mimi mwenyewe nilisema kila kitu. Tukarudi tulikoanzia, tukaja kwa kasi, yeye akisoma kwa sauti. Kona kushoto! Kisima! Kona kulia! Mbuzi! Mbuzi walikuwa wameshaondoka. Nikawakwepa hivyo hivyo. Tukaingia kwenye mfereji wa mpunga.

Wakulima sita walitutoa. Hawakutucheka sana, walikuwa wanashangaa kizimba. Mmoja aliuliza hili ni gari la kubebea wafungwa wa wapi, mbona mfungwa ndiye anaendesha. Mwingine akashika maua akauliza fundi ni nani, ana dirisha lake sebuleni. Nikamwelekeza kwa Paulo.

Eksozi imedondoka. Nimeifunga kwa waya, na sasa gari linasikika kabla halijaonekana. Njiani kurudi kuna tuta. Nimelipima kwa futi yangu: sentimita thelathini na nane. Nimelipanda kwa spidi ya hamsini. Magurudumu ya mbele yaliinuka kabisa, ya nyuma yakakataa. Kwa nini? Uzito? Pembe ya tuta? Mwalimu angekuwepo tungekaa chini pale pale, tuchore mchangani. Nimejikuta nachora peke yangu, na Yunis kaniacha nimalize.

Ijumaa, 20 Juni

Balaa. Mama mkwe kaja!

Ilikuwa apande basi na kaka yake, Mjomba Nikolaus, waende Mikumi moja kwa moja. Mjomba kaenda. Yeye kashuka Kilosa. Anataka kesho apelekwe Mikumi kwa gari la mumewe, alipande mara nyingine kabla ukoo haujaamua. Yunis ameniletea habari hii kwa sauti ndogo sana.

Niandike kidogo kuhusu mama mkwe. Jina lake silitaji, hata humu. Ni mtu wa Mamboya wa kizamani. Mkwe humtazami usoni, humgusi, huli naye mkeka mmoja, na maneno yenu yanapita kwa mtu wa tatu. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa hatujasemezana uso kwa uso. Nikimwamkia, nachuchumaa nimeangalia pembeni, natoa shikamoo kwa ukuta, na ukuta unaitikia marahaba. Wengi wameacha siku hizi, wanasema ni usumbufu. Mimi sijaacha. Naiona ni kitu kizuri, mtu kupewa nafasi yake.

Basi kafika, kapitia dukani kumsubiri Yunis. Kakiona kiti. Kakikalia. Mimi nyuma ya pazia. Nikamsikia anakipapasa, na Yunis alipoingia akamwambia kiti hiki kina mlio anaoujua. Yunis akasema viti vingi vina mlio, mama. Akaitikia, ni kweli, vingi. Akanywa chai yake yote akiwa juu yake.

Kukiri siwezi, siruhusiwi hata kumsemesha. Kumtuma Yunis akiri nimejaribu, kanitazama tu. Kukirudisha kiti haiwezekani, mabomba ya nyuma yamepita pale pale kinapokaa. Kwa hiyo nimefunga stuli ya dukani kwa boliti, mto mzuri juu, mikanda minne. Nondo nimezifunika kwa khanga mbili, upande huu na upande ule. Ukichungulia haraka unaona pazia tu. Usipochungulia haraka, Mungu atusaidie.

Na ukaguzi unafungwa kesho saa sita mchana. Tutapitia tu. Dakika tano!

Jumamosi, 21 Juni

Mikono yangu inanuka mahindi. Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi mama mkwe kaingia garini. Mimi nilisimama mbali, nikitazama njia ya reli. Yunis kamfunga mikanda, kasukuma komeo. Kisha nikasikia sauti nyuma ya khanga ikiuliza: Yunis, nani kapanda maua humu? Yunis akasema Paulo. Nikawasha injini nisisikie swali la pili.

Mpaka kijiji cha Ulaya tulikwenda vizuri, mwendo wa arobaini. Baada ya hapo nikatazama saa nikaongeza kidogo. Halafu kidogo tena. Mama mkwe ile njia anaijua, waliishi Ulaya Mwalimu akiwa kijana. Na jana jioni Mjomba alikuwa amempigia simu kumwambia kuna daraja linatengenezwa, magari yanachepuka kulia. Mimi sikuwa na habari hiyo. Nani aniambie? Mwenye habari alikuwa ni mtu ambaye hawezi kunisemesha.

Nilivyoelezwa baadaye, ilikwenda hivi. Mama aliona kibao cha mchepuo, akasema: Yunis, mwambie mwenzio ashike kulia. Kwa kelele ya eksozi Yunis hakusikia vizuri. Kwa heshima akasema abee mama, akageuka, akainua ncha ya khanga. Mama akarudia, taratibu, kama mtu anavyozungumza na mwanawe. Yunis akaitikia ndiyo mama, akairudisha khanga vizuri, akageuka mbele.

Mbele palikuwa na kifusi cha kufunga barabara. Sisi spidi sitini.

Tukapanda. Tukaenda juu! Magurudumu yote manne, najua, kwa sababu usukani ulikuwa mwepesi kama sahani. Nikatega sikio. Miaka miwili nimeingoja saa hii! Na pale pale hewani, Yunis akaniinamia, akasema kwa upole: Mama anasema ushike kulia.

Tukatua kando ya barabara, kwenye mahindi ya mtu. Lundo zima, yameanikwa yakisubiri kupukuchuliwa. Mikanda ilitushika wote watatu. Hakuna aliyeumia hata kidole, na nyuma ya khanga nikasikia mtu anashusha pumzi, kisha anauliza kama tumefika.

Mwenye mahindi anaitwa Mwanakheri, bibi mwenye fimbo ya kupigia magunia. Nikatoa shikamoo nikiwa bado nimefungwa kitini. Akaitikia, akauliza kwanza kama sote tu wazima. Akamfungulia mama mkwe komeo, wakajuliana hali, wakaulizana wajukuu. Kisha akachukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Akasema mahindi yake yalikuwa lundo moja, sasa yamejaa uwanja mzima, na aliyeyatawanya atakaa ayapukuchue.

Tukapukuchua mpaka saa tisa. Mama mkwe alikaa upande mmoja wa lundo, amenipa mgongo, mimi upande wa pili, Yunis katikati. Nilichungulia chini ya gari. Mahindi ya pale yalikuwa yamepukuchuka yenyewe kwa kishindo, punje safi, zilizovunjika chache. Nikamuuliza Mwanakheri kama angependa turudie kidogo tu kwa yaliyobaki. Akasema hapana.

Katikati ya kazi mama mkwe akamwambia Yunis aniulize gari lilikuwa linafanya nini kule juu. Nikamwambia Yunis amjibu kwamba lilikuwa linaruka. Likaja swali la pili: kwa makusudi? Nikatuma jibu: nusu. Akapukuchua mahindi mawili matatu. Halafu akasema, safari hii bila kumtaja Yunis wala mtu yeyote, kwamba Mwalimu angesimama kwanza akalipima lile lundo la kifusi. Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi la mahindi. Kuhusu gari hakusema neno, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote.

Mikumi tulifika saa kumi na moja. Ukaguzi ulikuwa kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya wageni ya Rafaeli! Hilo tangazo halikulisema. Mkaguzi, Mzee Elia, alikuwa amecheleweshwa na magari mengine, ndiyo kwanza anakunja meza yake. Nilimsihi. Akalizunguka gari mara tatu, akamwita mwenzake naye alizunguke. Akakataa. Alisema mikuki imeelekea kisogoni kwa dereva, komeo ni la zizi, na hajawahi kukagua gari lenye stuli na mama mtu mzima juu yake. Lakini mikanda! Aliivuta, akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote, akavaa miwani kuutazama mshono. Ameniagiza seti sita kwa ajili ya wenzake. Kwa hiyo nimefaulu, kwa upande fulani.

Hapo ndipo Rafaeli alipotoka nje. Akaona nondo. Akapaza sauti, akawaita wageni wake, akamwita Mjomba Nikolaus kutoka barazani. Aliyosema yalikuwa kweli tupu: nimelikata gari la marehemu, nimelifanya kizimba. Kisha akakimbilia mlango wa nyuma, akavuta komeo, akaing'oa khanga kwa nguvu, akamtumbulia macho mama mkwe. Mama, tazama! Tazama mwenyewe huyu alivyokufanyia! Akamshika mkono amtoe.

Mkono!

Devota akaziba mdomo. Mama mkwe akafumba macho, akageuzia uso wake upande wa pili. Mjomba akavua kofia. Rafaeli akauachia ule mkono polepole, akabaki ameutazama wa kwake kama si wake. Usiku huu nalala chumba namba kumi na mbili, kile cha jirani na jenereta.

Jumapili, 22 Juni

Kikao kimekwisha.

Alikiongoza Mjomba Nikolaus, maana katika ukoo wao neno la mjomba ndilo la mwisho. Mama mkwe alikaa ndani chumbani, mlango wazi kidogo, Devota akileta maneno yake. Walianza na Rafaeli. Hakuna aliyekataa kwamba alisema kweli. Lakini alimfunua mkwe mbele za watu, akamsemesha, akamshika. Atapeleka kuku mweupe Mamboya, yeye na wazee wake, waombe radhi, na mpaka hapo hawezi kupewa kitu cha marehemu. Rafaeli hakubisha. Alikuwa amejikunja mpaka nikamhurumia, na sikutegemea kumhurumia.

Kisha mimi. Nilikuwa nimeandika maneno ya majuto kwenye karatasi, kurasa mbili. Mjomba hakuyataka. Aliuliza kama nimelikata gari. Nikasema nimelikata. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kujua. Kujua nini? Nikaeleza habari ya sauti kule juu. Wazee wakatazamana. Mmoja, kwa hamu kubwa, akauliza basi ni sauti gani. Ikabidi niseme sijui, na nieleze kuhusu Yunis na kulia. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mjomba hakucheka.

Devota akatoka chumbani na neno la mama. Alisema Mwalimu alipofariki, sisi wakwe tulimwendesha kwenda mazishini, na njia nzima alikaa kageuza shingo dirishani ili asitazamane nasi. Shingo ilimuuma wiki nzima, na hakumwambia mtu. Jana, ndani ya gari lile lile, alikaa ameangalia mbele. Alikuwa na chumba chake. Kwa hiyo gari libaki lilivyo, maua yake na yote, na libaki kwa Donati, ampeleke kanisani na kila anapohitaji. Kiti cha nyuma kiende Mamboya kwenye sebule yake. Kilipo anapajua.

Kuna sharti moja. Mwendo usizidi arobaini, na niape mbele ya ukoo. Niliapa nimeweka mkono juu ya Biblia ya Mwalimu. Nililia tena, safari hii bila kusingizia vumbi. Kila neno nililitamka kwa moyo wangu wote, na Mjomba akanishika bega.

Jumatano, 25 Juni

Siku tatu, mwendo wa arobaini. Thelathini na nane nikiona mtu wa ukoo.

Mama mkwe yuko kwetu mpaka mwezi ujao. Jumapili nampeleka kanisani. Mshono wa seti ya kwanza ya Mzee Elia umeanza. Nina amani, nimeridhika, sitaki tena makuu.

Ila kuna jambo limenikaa kichwani. Leo nimepima kwa saa ya simu: neno kutoka kwa mama, likaenda kwa Yunis, abee mama, khanga, ndiyo mama, mpaka kwangu, ni sekunde nne. Kwa spidi ya arobaini, gari linakuwa limekwenda mita arobaini na nne. Nimezipima mtaani. Ni kutoka mlangoni kwetu mpaka ng'ambo ya karakana ya Paulo! Hilo ni jambo la usalama. Siwezi kulinyamazia.

Dawa yake ni utepe. Vipande viwili, vinapita katikati ya maua ya Paulo. Kimoja nimekishonea kwenye mkono wa kushoto wa ovaroli, kingine wa kulia. Mama anavuta kule nyuma, mimi napinda huku mbele. Hakuna neno, hakuna kutazamana, hakuna kugusana. Yunis kampelekea habari. Jibu limerudi baada ya chai: cha kushoto kiwe chekundu, asichanganye. Akaongeza swali, eti ile njia ya kanisani, pale inapokatiza reli ya zamani, inapanda hivi na kushuka hivi, ni sentimita ngapi.

Nimekwenda na futi yangu mchana huu. Sitini na mbili. Nimechora. Nikiweka magunia mawili ya mchanga mbele, mkia unakuwa mwepesi, na kwa arobaini kamili, bila kuzidi hata nukta, nadhani magurudumu ya nyuma safari hii yatakubali.

Yunis kanikuta nimelala kifudifudi relini na futi mkononi. Akanikumbusha kiapo. Nikamwambia nakikumbuka neno kwa neno. Niliapa kuhusu mwendo. Kuhusu kwenda juu hakuna aliyeniuliza.